Maswali ya Wasomaji: Mji Ulioota kwa Meno ya Joka

Katika toleo lililopita tulimjibu kwa mistari michache msomaji aliyetaka kujua Oedipus, yule wa hadithi za Wagiriki aliyemuua baba yake na kumwoa mama yake bila kuwatambua, alikuwa mfalme wa wapi. Tulisema kuwa alikuwa mfalme wa Thebes, mji wa Ugiriki ulioko katika nchi ya Boeotia, tukaishia hapo. Wasomaji wa kusini hawakuridhika. Barua nne zimetufikia kutoka mikoa ya Lindi na Mtwara, zote zikidai mji huo uelezwe tangu asili yake, na kwa kuwa zinafuatana kana kwamba waandishi wake waliketi baraza moja, safari hii ukurasa wote tumewaachia wao.

SWALI: Ndugu Mhariri, salamu. Ninapofundisha asili ya Kilwa huwasomea wanafunzi habari za Ali bin al-Hassan aliyetoka Shiraz, akakinunua kisiwa kwa nguo za kukizunguka pande zote. Kila mwaka hakosekani mmoja wa kuniuliza, "Mwalimu, hayo yalitokea kweli?" Nimesikia kuwa Thebes nayo ina hadithi ya mgeni aliyetoka ng'ambo ya bahari. Naomba mnieleze hadithi hiyo ilivyo, na namna wataalamu walivyoipima. (Mwalimu wa historia, Kilwa Masoko)

JIBU: Mwalimu, tuanze na hadithi kama Wagiriki walivyoisimulia, ndipo tuiweke kwenye mizani.

Agenor, mfalme wa Tiro, mji wa Wafoinike uliopo pwani ya Lebanon ya leo, alikuwa na binti jina lake Europa. Zeus, mkuu wa miungu ya Wagiriki, alijigeuza fahali, akambeba binti huyo mgongoni, akavuka naye bahari hadi Krete. Baba akawatuma wanawe wamtafute dada yao, akawakataza kurudi mikono mitupu. Mmoja wao, Cadmus, baada ya kuzunguka bila kupata habari yoyote, alikwenda Delphi, mahali ambapo Wagiriki walikuwa wakiaguliwa kwa kinywa cha kuhani wa kike wa mungu Apollo. Huko aliambiwa aache kumtafuta dada yake, amfuate ng'ombe atakayekutana naye, na pale ng'ombe atakapolala kwa uchovu ajenge mji. Ng'ombe alimwongoza mpaka Boeotia, nchi ambayo Wagiriki wenyewe walipenda kusema kuwa jina lake limetokana na neno lao la ng'ombe, akajilaza juu ya kilima.

Cadmus alitaka kumchinja mnyama huyo awe sadaka, akawatuma watu wake wakateke maji kwenye chemchemi iliyokuwa jirani. Chemchemi ilikuwa mali ya Ares, mungu wa vita, na ililindwa na joka lililowaua karibu wote waliotumwa. Cadmus akaliua joka lile, na kwa shauri la mungu wa kike Athena akang'oa meno yake na kuyapanda ardhini kama mtu anayepanda mahindi. Yakaota watu wazima wenye silaha mikononi. Cadmus akawatupia jiwe katikati, kila mmoja akadhani amepigwa na mwenzake, wakauana wao kwa wao mpaka wakabaki watano: Echion, Udaeus, Chthonius, Hyperenor na Pelorus. Hao waliitwa Spartoi, maana yake "waliopandwa", na koo kubwa za Thebes zilijisifu kuwa ni wajukuu zao. Kilima kile kikaitwa Cadmea, na ndicho kilichokuwa ngome ya mji muda wote wa historia yake.

Sasa mizani. Jambo la kwanza la kuangalia, nalo kwa maoni yetu ndilo kubwa, ni kwamba hadithi hii inasema mambo mawili yanayopingana na wala haioni haya. Mfalme ametoka ng'ambo, lakini raia wake wameota kwenye udongo wa pale pale. Mji uleule unajivunia ugeni na uenyeji kwa pumzi moja. Watawala wanaotaka heshima ya mbali na wenyeji wanaotaka haki ya ardhi wamegawana kisa kimoja, kila upande ukachukua nusu yake. Tarehe ya Kilwa, yaani kitabu cha kale cha habari za mji huo, ni ya uungwana zaidi katika hili, kwa sababu haifichi kuwa kisiwa kilikuwa na mwenyewe: Ali ananunua, na mwenye kisiwa anapokea nguo. Thebes haikumpa mwenye chemchemi hata upande wa kanga. Ilimfanya joka, ikamuua.

Jambo la pili ni kwamba baadhi ya vipande vya hadithi kama hizi husafiri kutoka mji hadi mji. Kisa cha kukizunguka kisiwa kwa nguo kina ndugu yake huko Carthage, Afrika ya Kaskazini, ambako husimuliwa kuwa Dido, malkia aliyekimbia kutoka Tiro ileile ya Cadmus, aliruhusiwa kuchukua ardhi inayotosha ngozi moja ya ng'ombe, naye akaikata ngozi nyuzi nyembamba na kuzungushia kilima kizima. Basi mwanafunzi wako akiuliza zilikwenda jora ngapi, mwambie asihangaike na hesabu. Ajiulize kwanza kwa nini waanzilishi wa miji mbalimbali wanasifiwa kwa ujanja wa aina moja.

Jambo la tatu ni kwamba Thebes ilikuwa na hadithi mbili tofauti za waanzilishi, na ushahidi wa maandishi wa ile ya pili ni mkongwe. Katika utenzi wa Odyssey, Homer, mshairi wa kale wa Wagiriki, anasema kuwa walioweka misingi ya Thebes yenye malango saba walikuwa mapacha Amphion na Zethus, wala hapo hamtaji Cadmus, ingawa mahali pengine anawaita watu wa mji huo Wakadmea. Waliokuja baadaye waliongeza kuwa Amphion alipiga kinubi kwa ustadi hata mawe yakajipanga yenyewe yakawa ukuta, na kwamba jina la mji limetokana na Thebe, mke wa Zethus. Wagiriki waliliona tatizo hilo mapema. Pausanias, msafiri aliyeandika habari za Ugiriki katika karne ya 2 BK, anawapatanisha kwa kusema kuwa Cadmus alijenga mji wa juu kilimani na mapacha wakajenga mji wa chini. Ni suluhu ya wazee wa baraza: kila mmoja aondoke na chake.

Vipi kuhusu wachimbaji? Juu ya kilima cha Cadmea palikuwa kweli na jumba la kifalme. Antonios Keramopoulos alianza kulichimbua mwaka 1906, na mwaka 1921 akakuta mitungi ya mafuta yenye maandishi yaliyochorwa kwa brashi, ambayo uchunguzi wa udongo wake ulionyesha baadaye kuwa mingi ilifinyangwa Krete ya magharibi. Maandishi hayo ni ya mwandiko unaoitwa Linia B, ambao Michael Ventris aliufumbua mwaka 1952 na kuthibitisha kuwa lugha yake ni Kigiriki cha kale. Kati ya 1993 na 1995 vilipatikana vibao zaidi ya 200 vya udongo vya mwandiko huo, vilivyokaushwa na moto ulioliteketeza jumba. Asitarajie mtu kukuta humo habari za joka. Ni daftari za ghala: shayiri kiasi gani, divai kiasi gani, nani kapewa.

Kilichowasisimua watu zaidi kilipatikana miaka ya 1963 na 1964, nacho ni mkusanyiko wa mihuri midogo ya mviringo kama pipa, mingi ikiwa imechongwa kwa jiwe la buluu la lapis lazuli, jiwe ambalo zamani zile lilitoka milima ya Afghanistan. Baadhi ina maandishi ya Babeli, na mmoja unamtaja mtumishi wa mfalme Burnaburiash aliyetawala katika karne ya 14 KK. Wako waliopiga kelele kuwa Cadmus amepatikana. Watu wa Kilwa hawawezi kudanganyika hapo. Vigae vya vyombo vya China vimeokotwa Kilwa Kisiwani tele, na hakuna anayesema kuwa sultani wa Kilwa alikuwa Mchina. Kitu cha thamani hufika mbali kwa kuuzwa, kwa kutunukiwa au kwa kuporwa, na mwenyewe akabaki kwao.

Hata hivyo kuna kipande kimoja ambacho hatuwezi kukitupa. Herodotus, mwanahistoria wa karne ya 5 KK, anaandika kuwa Wafoinike waliokuja na Cadmus ndio waliowafundisha Wagiriki herufi, na kwamba yeye mwenyewe aliziona herufi hizo za Kikadmea juu ya vyombo vya shaba katika hekalu la Apollo pale Thebes. Asili ya herufi ni kweli kabisa: alfabeti ya Kigiriki ilitokana na ya Wafoinike, majina ya herufi zake yakabaki yaleyale kwa mabadiliko madogo, na kupitia kwa Warumi ndiyo iliyozaa herufi unazoandikia ubaoni leo. Lakini wakati haulingani. Herufi zilifika Ugiriki karibu na karne ya 8 KK, miaka 400 au zaidi baada ya jumba la Cadmea kuungua, na wale wa jumbani walikuwa wakitumia mwandiko mwingine. Watu walikumbuka kuwa kitu kilitoka kwa Wafoinike. Wakakitafutia mtu wa kukileta, na Cadmus akawa karibu.

Kwa hiyo mwanafunzi wako anastahili jibu la vipande vipande. Ali bin al-Hassan ana sarafu za shaba zilizopigwa kwa jina lake, na uchimbaji ulioongozwa na Neville Chittick miaka ya 1960 ulionyesha kuwa watu waliishi kisiwani tangu karibu karne ya 9, kwa hiyo mtu huyo yupo na wenyeji wa kabla yake wapo, hata kama nguo za kuzungushia kisiwa zinabaki kuwa maneno. Cadmus hana sarafu, hana muhuri, hana kaburi.

SWALI: Mhariri, mimi ni mzee wa Lindi. Babu yangu alikuwa miongoni mwa wapagazi walioshusha mifupa ya Tendaguru hadi bandarini wakati wa Mjerumani. Je, haiwezekani kuwa Wagiriki nao walichimbua mifupa ya mnyama kama wale wa kwetu, wakaona meno, wakatunga hadithi ya joka? (Mzee mstaafu, Lindi mjini)

JIBU: Shikamoo mzee. Swali lako si la kuchekwa, na babu yako alishiriki katika kazi ambayo ulimwengu mzima unaijua. Kati ya 1909 na 1913 mamia ya wapagazi walibeba kichwani na mabegani mifupa iliyokuwa mawe, kutoka kilima cha Tendaguru hadi Lindi, kwa njia za porini, na mnyama mmoja kati ya hao amesimamishwa katika jumba la makumbusho la Berlin akiwa na kimo cha zaidi ya mita 13.

Wagiriki waliokota mifupa mikubwa, hilo halina shaka, lakini kwa kawaida hawakuiita ya joka. Waliiita ya mashujaa. Herodotus anasimulia kuwa mhunzi mmoja wa mji wa Tegea, akichimba kisima uani kwake, alikuta jeneza lenye urefu wa dhiraa saba na maiti iliyolijaa lote, na Wasparta, watu wa mji wa Sparta uliosifika kwa vita, wakaiiba mifupa hiyo wakiamini kuwa ni ya shujaa Orestes na kwamba itawapa ushindi. Thebes nayo ilikuwa na mifupa yake ya heshima. Pausanias alionyeshwa kaburi la Hector, yule shujaa wa Troy, mji ambao Wagiriki waliuvamia katika tenzi za Homer, karibu na chemchemi ambamo ilisemekana Oedipus aliosha damu ya baba yake, akaelezwa kuwa mifupa ililetwa kutoka Asia kwa agizo la uaguzi. Mji uliotaka baraka ya mfu mkubwa ulimtafuta hata kama alizikwa kwa watu.

Kuhusu joka lenyewe, sisi hatuoni haja ya mifupa. Katika hadithi za Wagiriki joka hukaa penye maji: Python alikaa Delphi penye chemchemi, na yule wa vichwa vingi aliyeuawa na shujaa Heracles alikaa katika kinamasi cha Lerna. Mzee, wewe uliyekulia kusini huhitaji kufundishwa kuwa kisima, pango au mti mkubwa kando ya maji huwa na mwenyewe, na kwamba mtu hachoti wala hakati bila kuomba. Kosa la watu wa Cadmus ni hilo. Na ndiyo maana Cadmus, ijapokuwa alishinda, alilazimika kumtumikia Ares miaka minane kama fidia ya joka, ndipo akaozwa Harmonia, binti wa mungu huyohuyo. Mwisho wa maisha yao wote wawili waligeuzwa kuwa nyoka. Deni la chemchemi halikuisha.

Meno yenyewe ni kisa cha kusafiri, kama nguo za Kilwa: wasimulizi wengine wanasema nusu ya meno ya joka lilelile ilipelekwa Colchis, kwenye Bahari Nyeusi, ambako shujaa mwingine, Jason, naye aliyapanda, yakaota askari, naye akawatupia jiwe.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita, kwetu Newala. Bibi yangu hunisimulia kuwa mtu wa kwanza wa Kimakonde alichonga sanamu ya mti, akaisimamisha, na usiku ulipopita ikawa mwanamke, ndipo wakazaa. Hadithi hiyo haina damu. Kwa nini za Thebes zote ni mtoto kuua baba, ndugu kuua ndugu, mama kumrarua mwana? Mji huo haukuwahi kuwa na jema lolote? (Mwanafunzi, Newala)

JIBU: Marahaba mwanangu. Mshukuru bibi, na umwombe akuongezee ile sehemu ya watoto wawili waliokufa walipozaliwa bondeni na wa tatu akapona wazazi walipohamia nyanda za juu, kwa maana hapo ndipo Wamakonde wanapoeleza kwa nini wanakaa walipo. Hadithi hiyo unaisikia kwa bibi yako mwenyewe. Hadithi za Thebes unazisikia kwa jirani yake mbaya.

Ukitoa tenzi za kale ambazo nyingi zimepotea, karibu kila tunachokijua kuhusu Oedipus na wanawe tumekipata katika tamthilia zilizoandikwa na kuchezwa Athens. Miji hiyo miwili ilipakana na ilichukiana. Waajemi walipoivamia Ugiriki mwaka 480 KK, Thebes ilikwenda upande wao, na mwaka uliofuata askari wake walipigana dhidi ya Wagiriki wenzao pale Plataea, aibu ambayo Waathens hawakuiacha ipoe. Mwaka 467 KK Aeschylus alionyesha jukwaani vita vya ndugu wawili, Eteocles na Polynices, wana wa Oedipus, waliogombea kiti cha baba yao, mmoja akaleta majemadari saba kwa malango saba, na wakauana kwa mikono yao. Watunzi wenzake wa tamthilia, Sophocles na Euripides, wakaendeleza. Angalia jinsi Waathens walivyojiweka wao wenyewe katika visa hivyo: Oedipus kipofu, aliyefukuzwa kwao, anapata kaburi la amani katika ardhi ya Athens, na maiti za washambuliaji ambazo Thebes ilikataa zisizikwe zinazikwa kwa jitihada za Theseus, mfalme wa Athens. Uovu unatendeka Thebes, na utu unapatikana Athens. Mwandishi gani wa Thebes angeandika hivyo?

Linganisha na Homer. Kwake yeye mama yake Oedipus anajinyonga mambo yanapofichuka, lakini Oedipus anaendelea kutawala Thebes akiwa na majonzi yake, na katika Iliad, utenzi wake mwingine, yanatajwa mashindano yaliyofanywa kwa heshima ya mazishi yake. Hakuna kujitoboa macho wala kufukuzwa. Na Pindar, mshairi mkubwa aliyezaliwa na kukulia Boeotia karibu mwaka 518 KK, anapouimba mji wake hataji matanga. Anataja kuwa Heracles alizaliwa hapo, kuwa Dionysus, mungu wa divai, ni mjukuu wa Cadmus, na kuwa Cadmus mwenyewe anapumzika katika visiwa vya waliobarikiwa.

Na kule kuungua kwa jumba tulikokutaja juu, katika hadithi wana wa wale majemadari saba walirudi miaka kumi baadaye wakauteka na kuuharibu, na katika orodha ya meli zilizokwenda Troy Homer hautaji mji wa Thebes, anataja tu mahali paitwapo Thebes ya Chini. Jumba la Cadmea liliungua kweli karibu mwaka 1200 KK. Aliyelichoma hakuacha jina lake.

Sasa umeuliza jema. Liko, na limo katika historia. Mwaka 382 KK jeshi la Sparta lililokuwa likipita kuelekea kaskazini liliingia Thebes kwa usaliti wakati wa amani, likaikalia ngome ya Cadmea. Viongozi waliokimbilia Athens, mmoja wao Pelopidas, walirudi kwa siri usiku wa baridi mwaka 379 KK, wengine wakiwa wamevaa nguo za kike ili waingie karamuni mwa watawala vibaraka, wakawaua na kuukomboa mji. Miaka minane baadaye, mwaka 371 KK, kwenye uwanja wa Leuctra, jemadari Epaminondas alifanya jambo ambalo vitabu vya vita bado vinalieleza. Wasparta walijipanga safu kumi na mbili kwenda nyuma na kuweka watu wao bora upande wa kulia, kama ilivyokuwa desturi. Epaminondas akarundika watu wake safu hamsini upande wa kushoto, akawakabili walio bora kwa walio bora, mbele wakiwa askari 300 wa Kikosi Kitakatifu, kikosi cha wateule wa Thebes, na upande wake ulio dhaifu akauchelewesha nyuma. Mfalme Cleombrotus wa Sparta aliuawa, na kati ya raia kamili 700 wa Sparta waliokuwapo 400 hawakurudi.

Alichofanya baada ya hapo tunakipenda zaidi kuliko ushindi wenyewe. Aliingia nchi ya Messenia, ambayo watu wake walikuwa watumwa wa Sparta kwa karne nyingi, akawakomboa na kuwasaidia kujenga mji wao, Messene, mwaka 369 KK. Alikufa vitani Mantinea mwaka 362 KK, na nguvu za Thebes zikashuka naye kaburini.

Wakati wa fahari ile kijana mmoja wa Makedonia alikuwa akishikiliwa Thebes kama rehani ya amani, akajifunza vita kwa waliokuwa wakivijua. Aliitwa Philip. Mwaka 338 KK aliwapiga Wathebes na Waathens pamoja pale Chaeronea. Mwaka 335 KK Thebes ikaasi dhidi ya mwanawe, Alexander, naye akaja upesi kuliko walivyodhani. Watu 6,000 waliuawa, 30,000 wakauzwa utumwani, na nyumba zikabomolewa zote isipokuwa mahekalu na nyumba aliyokaa Pindar. Hukumu ya kuubomoa mji haikutamkwa na Alexander peke yake. Iliungwa mkono na majirani wa Boeotia, Wagiriki ambao Thebes iliwahi kuwavunjia miji yao. Cassander, aliyetawala Makedonia baada ya Alexander, aliujenga upya kuanzia mwaka 316 KK, na Waathens, wale wa tamthilia, wakachangia kujenga ukuta.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni baharia wa Mikindani. Meli yetu hutia nanga Piraeus mara kwa mara, na safari ijayo nitakuwa na siku mbili za mapumziko. Je, Thebes hii ndiyo ile ya Misri yenye mahekalu makubwa? Na nikienda nitaona nini? (Baharia, Mikindani)

JIBU: Siyo hiyo. Thebes ya Misri ni Luxor ya leo, kando ya mto Nile, na jina hilo ilipewa na Wagiriki. Wamisri wenyewe waliiita Waset, na katika Biblia inaitwa No. Homer anazitofautisha kwa malango: ya Misri ina mia, ya Ugiriki ina saba.

Thebes unayoitafuta leo inaitwa Thiva, na iko kaskazini-magharibi ya Athens, mwendo unaotosha kwenda asubuhi na kurudi jioni. Usitarajie magofu yaliyosimama wazi kama msikiti mkubwa wa Kilwa Kisiwani au majumba ya Songo Mnara. Mji wa sasa umejengwa juu ya ule wa kale, kilimani palepale, kwa hiyo jumba la Cadmea unaliona kwa vipande, katika viwanja vichache vilivyoachwa baina ya nyumba na maduka, na mara nyingi limegunduliwa na watu waliokuwa wakichimba msingi wa nyumba. Kati ya malango saba, linaloonekana vizuri ni la Electra, nalo ni misingi ya minara miwili ya mviringo kando ya barabara.

Siku yako ya kwanza iweke yote kwenye jumba la makumbusho, lililofunguliwa upya mwaka 2016. Humo mna ile mihuri ya buluu kutoka Babeli, vibao vya Linia B, na masanduku ya udongo ya kuzikia kutoka Tanagra, yaliyochorwa wanawake wanaoomboleza wakiwa wameshika vichwa kwa mikono miwili, mchoro ambao hauhitaji mkalimani. Siku ya pili, ukipata gari, nenda Chaeronea ukamwone simba wa mawe, mwenye kimo cha zaidi ya mita tano, aliyeinuliwa tena mwanzoni mwa karne ya 20 baada ya kukutwa amevunjika vipande. Chini yake wachimbaji walikuta mifupa ya watu 254 waliolazwa kwa safu saba, ambao wanahistoria wengi wanaamini kuwa ni wale wa Kikosi Kitakatifu waliokufa mbele ya Philip. Simba huyo hana maandishi yoyote. Pausanias alipopita hapo hakuyakuta, akaeleza kuwa huenda waliomsimamisha waliona kuwa ushujaa wa waliolala pale haukulipwa kwa bahati iliyowastahili.